Bonsai ya maua au matunda: anza na mti gani?

Bonsai ni mti unaofanywa uwe mdogo ndani ya chungu. Ukikata na kubana mizizi yake, majani hupungua ukubwa, lakini ua na tunda havipungui. Chungwa litabaki chungwa lile lile, hata mti ukiwa na urefu wa shibri mbili, na kitawi kitavunjika. Kwa hiyo chagua mndimu, si mchungwa wala mbalungi.

Kwa anayeanza, bogenvilia ndiyo inayosamehe zaidi. Tafuta shina nene chini, lenye mizizi inayotanuka pande zote. Iweke palipo na jua kwa muda wa saa 6 au zaidi kwa siku, na usimwagilie mpaka udongo wa juu ukauke. Ikinywa kila siku itakupa majani matupu. Mizizi yake ni dhaifu, basi ukiihamisha usiitikise udongo wote.

Mkomamanga nao ni mzuri, ila maua yake hutoka kwenye ncha za vitawi vifupi. Ukipita na mkasi kila wiki unayakata kabla hujayaona.

Mndimu wa mbegu utakuweka miaka bila ndimu, bora mche uliobebeshwa, yaani ulioungwa kitawi cha mti unaozaa. Udongo wa maweni wa Makunduchi (Unguja) au Micheweni (Pemba) una chokaa nyingi: majani hugeuka manjano, mishipa ikabaki kijani, kwa kukosa chuma. Badala yake changanya mboji na kokoto ndogo nusu kwa nusu. Mchanga wa pwani usitie, una chumvi.