Kabati la mjamzito: nguo chache za kutosha hadi kunyonyesha

Nashona na kurekebisha nguo, na wateja wengi wanaonijia wakiwa wajawazito huja na mfuko wenye tatizo lile lile: nguo kubwa walizonunua harakaharaka siku zipu ilipogoma kufunga. Shingo zinapwaya, mikono inafunika vidole, na tumbo bado limebanwa. Juzi nilikaa na mdogo wangu, mwenye mimba yake ya kwanza, tukalipanga kabati lake upya. Naandika tulivyofanya kwa yeyote anayetaka kujipangia mwenyewe.

Shika jambo moja kabla ya yote. Mabega yako hayakui pamoja na tumbo. Nguo ikikaa vizuri mabegani na ikavutika tumboni, utaonekana nadhifu hata ukiwa na nguo kumi tu. Ukipanda saizi tatu ili tumbo liingie, kila kitu kingine kitakuning'inia. Kwa hiyo tafuta saizi yako ya mabega, kisha uulize kitambaa kinaweza nini.

Hatua ya 1: Toa nguo zote, gawa mafungu matatu

Fanya hivi karibu na wiki ya 12. Mimba ya kwanza huanza kuonekana kwa wengi kati ya wiki ya 12 na 16. Mimba ya pili huonekana mapema zaidi, kwa kuwa misuli ya tumbo imeshavutika.

Fungu la kwanza ni nguo zitakazokuvusha bila kuguswa: sweta la wazi mbele, koti, shati la kuvaa bila kufunga vifungo, sketi ya lastiki inayoweza kukaa chini ya tumbo. La pili ni za kurekebisha, na hapo suruali ndizo nyingi. La tatu ni zilizokatwa kubana kiunoni na ambazo kitambaa chake hakivutiki. Hizo zifunge kwenye sanduku uziweke mbali. Kukutana nazo kila asubuhi kunachosha moyo bure.

Hatua ya 2: Chagua rangi

Mbili za msingi na moja ya kuchangamsha. Nguo za chini zote ziwe za rangi za msingi.

Hatua ya 3: Pima kitambaa kwa mikono

Shika sentimita 10 za kitambaa, vuta mpaka zifike 14, kisha achia. Kikirudi 10, chukua. Kikibaki 11, rudisha, maana nguo hiyo itakuwa imelegea magotini na tumboni kabla ya saa sita mchana. Pamba yenye spandeksi kidogo, kama asilimia 5, ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Poliesta tupu siipendekezi kwa mjamzito. Damu mwilini huongezeka kwa karibu nusu ya kiasi cha kawaida, ngozi inakuwa ya moto, jasho linatoka hata ukiwa umekaa, na poliesta haipitishi hewa.

Hatua ya 4: Andika orodha kabla ya kununua

Kwa mdogo wangu tulifikia hivi: suruali mbili, sketi moja ndefu ya kuvutika, fulana ndefu tatu, blauzi mbili, gauni mbili, sweta moja. Kila cha juu kinaendana na kila cha chini, kwa hiyo vitu vitano vya juu na vitatu vya chini vinatoa mipango 15 kabla hujagusa gauni. Kama kazi yako ina sare au inadai mavazi rasmi, ongeza koti moja la kuvaa wazi. Taiti ni za nyumbani na mazoezi, usizihesabu kama suruali.

Hatua ya 5: Suruali

Hapa ndipo penye kazi. Suruali iliyokatwa vibaya haina marudio, kwa hiyo soma hatua hii yote kabla ya kushika mkasi.

Wiki za mwanzo huhitaji kukata chochote. Chukua lastiki ya nywele, ipitishe kwenye tundu la kifungo, ipenyeze ndani yake yenyewe ili ijikaze, kisha upande unaobaki uzungushe kwenye kifungo. Juu yake vaa fulana ndefu. Siku zipu itakaposhindwa kufika hata nusu, ndipo uende kwenye mkanda wa tumbo, yaani kitambaa cha kuvutika kinachoshonwa mahali pa kiuno cha suruali ili kifunike tumbo.

Chagua suruali inayokaa vizuri nyongani na mapajani, tena yenye nafasi kidogo, kwa sababu nyonga na mapaja nayo huongezeka. Ikiwa inabana mapajani leo, iache. Mkanda unatatua tumbo tu.

Kitambaa cha mkanda kiwe kizito cha aina ya fulana, au kile chenye mistari ya matuta kinachotumika kwenye ncha za mikono ya sweta. Kifue na kukikausha kabla ya kukata, kwa namna ile ile utakayoifua suruali baadaye. Pamba ya fulana hurudi, yaani hupungua ukubwa, ikifuliwa, na mkanda ukirudi baada ya kushonwa utaivuta suruali yote juu.

Mstari wa kukatia uweke ukiwa *umekaa*. Vaa suruali, kaa kwenye kiti, na mtu akuchoree kwa chaki chini kabisa ya tumbo, pale mkunjo unapoanza. Ukichora ukiwa umesimama, mstari utakuwa juu mno, na kila ukikaa mshono utakuchoma. Nyuma usishuke: kata chini tu ya mkanda wa kiunoni wa suruali, vinginevyo ukiinama mgongo utabaki wazi. Pembeni mstari upande taratibu kutoka mbele kwenda nyuma. Acha sentimita 1 juu ya chaki kwa ajili ya mshono.

Bado usikate. Funga zipu, kisha piga mshono wa mkono wenye nguvu kukatiza meno yake, chini kidogo ya chaki. Ukikata kabla ya hapo, kishikio kitatoka na zipu itafunguka yote. Zipu ikiwa ya chuma, ng'oa kwa koleo meno yote yaliyo kwenye nafasi ya mshono, maana sindano ya cherehani ikigonga jino inavunjika, na kipande kinaweza kuruka usoni. Mifuko ya mbele nayo ibane kwa pini na uipige mshono juu ya chaki isije ikaning'inia ndani. Sasa kata.

Pima ukingo uliokatwa, mzunguko wote, tepu ikiwa imesimama kwa ubavu wake ili ifuate kona. Tuseme umepata sentimita 90. Chukua asilimia 85 yake, ambayo ni kama 77, ongeza 2 za mshono. Ndiyo upana wa mkanda. Urefu kata sentimita 52: ukikunja mara mbili unapata mkanda wa 25 wenye pindo safi juu bila lastiki yoyote, na 1 inabaki kila upande kwa mshono. Tumbo la mwisho wa mimba linaweza kupita sentimita 105, na kitambaa cha 77 kinachovutika kutoka 10 hadi 14 kinafika huko bila kukaba.

Kuna wanaopenda mkanda mfupi wa kukaa chini ya tumbo. Siushauri. Hujikunja, suruali inateremka, na mwenye kuivaa anashinda akiipandisha. Mkanda mrefu unaofunika tumbo unajishika wenyewe, na siku za joto unaweza kuukunjia chini.

Kisha jambo linaloharibu kazi nyingi kuliko mengine yote. Kitambaa huvutika zaidi upande mmoja, na upande huo lazima *uzunguke mwili*. Nimeletewa suruali zilizoshonwa na mafundi wazuri tu, mishono imenyooka, lakini mkanda unavutika kwenda juu na chini huku ukibaki mgumu kuzunguka tumbo. Hakuna dawa zaidi ya kufumua. Vuta kitambaa pande zote mbili, weka alama ya mshale kwa chaki, ndipo ukate.

Ukishaunga mkanda kuwa mviringo na kuukunja, ugawe sehemu nne kwa pini. Gawa suruali pia sehemu nne, lakini kwa kupima ukingo. Usitegemee mishono ya pembeni, kwa sababu ukingo wa mbele umepinda na robo haziangukii hapo. Kutanisha pini kwa pini, nje kwa nje. Suruali iwe chini, mkanda juu, na uvute mkanda peke yake mpaka ulingane na suruali kati ya pini na pini.

Sindano iwe ya vitambaa vya kuvutika, yenye ncha ya mviringo, namba 90. Sindano kali inakata nyuzi za fulana na baada ya kufua mara chache utaona vitundu vikitembea. Uzi uwe wa poliesta. Mshono uwe wa zigizaga nyembamba, upana 2 na urefu 2.5. Mshono ulionyooka utakatika siku ya kwanza utakapochuchumaa. Ukifika kwenye mshono mnene wa pembeni, zungusha gurudumu kwa mkono. Malizia kwa overloki, mashine ya kufunga kingo zisichanike nyuzi, kama unayo.

Vaa, chuchumaa, panda ngazi, kaa. Kama mshono haukuumizi ukiwa umekaa, umemaliza.

Hatua ya 6: Pindo la mbele

Kufikia wiki ya 20 mfuko wa uzazi huwa usawa wa kitovu. Kuanzia hapo, sentimita kutoka mfupa wa kinena hadi juu ya mfuko hukaribiana na idadi ya wiki, ndiyo maana mkunga anapima kwa tepu kama yangu. Kwa fundi maana yake ni kwamba tumbo linakula kitambaa cha mbele wiki baada ya wiki, na gauni lililonyooka leo litapanda mbele.

Kama unashona, ongeza sentimita 5 hadi 8 katikati ya pindo la mbele, zipungue kuelekea pembeni. Kwa fulana na gauni za kubana kuna njia nzuri zaidi: kata kipande cha mbele kirefu kuliko cha nyuma kwa sentimita 15, kisha ukikunjekunje kwenye mishono ya pembeni kutoka chini ya kifua hadi nyongani. Kitambaa cha akiba kinakaa pale na kinajifungua kadiri tumbo linavyokua. Ukinunua dukani, tafuta mikunjo hiyo ya pembeni kwanza.

Hatua ya 7: Sidiria

Kwa kawaida sidiria mpya hununuliwa ikitosha kwenye kulabu ya nje, ile iliyolegea, ili uikaze inapochoka. Ukiwa mjamzito geuza: inunue ikitosha kwenye kulabu ya *ndani*, inayokaza zaidi, kwa sababu mbavu zinapanuka na utakuwa unailegeza. Matiti huongezeka sana miezi ya mwanzo na tena kuelekea mwisho, kwa hiyo usinunue zaidi ya mbili kwa mara moja. Mimi nachagua zisizo na waya. Za kunyonyeshea subiri wiki ya 36 hivi, na kikombe kiwe na nafasi, maana maziwa yakijaa siku chache baada ya kujifungua matiti yatakuwa makubwa kuliko siku uliyopimwa. Chupi ziwe za pamba.

Hatua ya 8: Viatu

Nunua jioni, miguu ikiwa imevimba. Wengine mguu huongezeka urefu na haurudi. Soksi za kubana zivae kwa ushauri wa mhudumu wa afya. Na uso au mikono ikivimba ghafla, au ukaumwa kichwa sana na kuona maruweruwe, usihangaike na viatu: nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Hatua ya 9: Kagua nguo kwa ajili ya kunyonyesha

Kabla ya kulipia nguo yoyote ya juu, jiulize kama titi litatoka bila kuvua nguo nzima. Gauni la kupishana mbele na shati la vifungo vinafaa. Gauni la zipu mgongoni liache.

Suruali za mkanda usizifungie sandukuni ukishajifungua. Mfuko wa uzazi huchukua kama wiki 6 kurudi ulivyokuwa, na siku za kwanza tumbo bado ni kubwa. Ila ukijifungua kwa upasuaji, mshono wa suruali hiyo unaangukia karibu kabisa na kidonda. Mpaka kipone vaa gauni, au taiti ambayo kiuno chake kinafika juu ya kitovu.