Ninavyopima ukubwa wa moyo wa mtoto aliye tumboni

Chumba changu cha utrasaundi kiko kwenye kituo cha afya wilayani Chamwino, mkoani Dodoma. Kina dirisha moja, na nimelitundikia pazia zito kwa sababu jua la huku likiingia skrini haisomeki. Hapa nawaandikia wenzangu mnaoanza kushika probu, kile kifaa cha mkononi kinachopitishwa juu ya tumbo la mama, maana moyo wa mtoto ni kiungo nilichokosea sana kabla sijakielewa.

Wakati mzuri wa kuupima ni wiki ya 18 hadi ya 22. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri kila mjamzito apate walau utrasaundi moja kabla ya wiki 24, lakini akina mama wetu wengi hufika wakiwa wamechelewa. Mvua ya huku ni ya msimu mmoja tu, kuanzia Desemba, na mtama haungoji kliniki. Akija na wiki 30 mpime vilevile, ila mbavu zitakuwa zimekomaa na vivuli vyake vitakusumbua.

Mlaze mama akiinamia kidogo upande wa kushoto, umwekee kanga iliyokunjwa chini ya nyonga. Akilala chali muda mrefu mimba hugandamiza mshipa wa damu na atasikia kizunguzungu. Mwambie unachokwenda kukitazama. Mimi husema, "Mama, leo naangalia moyo wa mtoto, nitakaa kimya kidogo, usiogope kimya changu." Kabla ya kuanza kusema hivyo, niliona wengi wakibana pumzi kila nilipoukazia macho mwonekano mmoja.

Jambo la kwanza ni kujua kushoto kwa mtoto ni wapi. Juu ya rafu nina mwanasesere wa kitenge niliyemshona mwenyewe, na mkono wake wa kushoto una uzi mwekundu. Nikishajua kichwa cha mtoto kiko wapi na mgongo umeelekea wapi, namlaza mwanasesere juu ya tumbo la mama vilevile alivyolala mtoto, kisha natazama uzi mwekundu umeangukia upande gani. Bibi mmoja aliyemsindikiza mkwewe aliniamkia "Mbukwenyi", akamwona mwanasesere, akauliza kama ni dawa. Nikamwonyesha uzi, nikamwonyesha skrini, akaelewa papo hapo. Usitegemee tumbo la chakula peke yake kukuambia kushoto, kwa sababu wapo watoto ambao viungo vyao vimebadilishana pande, na hao ndio usiotaka wakupite.

Sasa tafuta mkato wa kifua, yaani picha inayokionyesha kama kimekatwa kimkingamo. Anza kwenye mkato wa tumbo unaopimia mzunguko wa tumbo, kisha sogeza probu polepole kuelekea kichwani bila kuipinda, mpaka uvuke kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, na vyumba vinne vya moyo vionekane. Hapa ndipo kazi yote ilipo. Katika mioyo niliyowahi kuambiwa "mikubwa" kisha nikairudia, mingi ilikuwa mkato ulioenda mshazari. Tazama mbavu: mkato ulionyooka huonyesha ubavu mmoja mzima kila upande, kama mikono miwili iliyokumbatia kifua. Ukiona vipande vya mbavu mbili tatu upande mmoja, umepinda. Ukiona ini au tumbo la chakula kwenye picha hiyohiyo, uko chini mno. Kifua kiwe cha mviringo, na kijaze sehemu kubwa ya skrini. Ongeza ukubwa wa picha kabla ya kugandisha, si baada.

Kabla ya kupima chochote, tazama kwa macho. Moyo wa kawaida huchukua kama thuluthi moja ya kifua, na ncha yake huelekea kushoto kwa nyuzi 45 hivi kutoka kwenye mstari unaounganisha uti wa mgongo na kidari. Macho yako yatazoea. Mimi huona kasoro kwa macho kwanza, vipimo nikavitumia kuthibitisha.

Kisha gandisha na urudishe picha moja moja nyuma. Moyo hutanuka na kusinyaa zaidi ya mara mbili kila sekunde, kwa hiyo picha mbili zinazofuatana zinaweza kukupa ukubwa tofauti. Chagua ile ambayo vyumba vya chini vimejaa na milango kati ya vyumba vya juu na vya chini ndiyo kwanza inafunga. Zungushia moyo duaradufu ukifuata ukingo wake wa nje. Zungushia na kifua ukipita nje ya mifupa ya mbavu, ukiiacha ngozi na mafuta. Vyote viwili kwenye picha ileile. Rudia kwa picha tatu, uchukue wastani.

Mfano wa mtoto wa wiki 20: mzunguko wa moyo sentimita 6.4, wa kifua 13.3. Gawa, unapata 0.48. Hiyo ni kawaida. Uwiano wa mizunguko huanzia karibu 0.45 wiki ya 17 na kufika 0.5 hivi mimba inapokomaa. Lakini mashine ileile itakupa pia eneo: moyo sentimita za mraba 3.3, kifua 14.1, uwiano 0.23. Mtoto ni yuleyule na moyo ni uleule, namba mbili tofauti kabisa. Kwa eneo, kawaida ni karibu robo hadi thuluthi.

Hili nalisisitiza kwa sababu lilimuumiza mama wa watu. Mwaka wangu wa kwanza nilimwandikia mama mmoja "uwiano wa moyo 0.48", basi, sikuandika zaidi. Alikokwenda nayo karatasi, aliyeipokea alizoea kupima kwa eneo. Akasoma kwamba moyo umejaza nusu ya kifua. Mama akaambiwa ajiandae kwa lolote. Alirudi kwangu siku ya tatu, macho yamevimba, amefunga kanga ya msiba. Nilimpima tena mbele ya mumewe, moyo wa kawaida kabisa. Tangu siku hiyo siandiki namba bila neno "mzunguko" au "eneo" mbele yake.

Na ukipata uwiano mkubwa kweli, mkato umenyooka na umerudia mara tatu? Jiulize kipi kimebadilika, moyo au kifua. Nilimpokea mama wa wiki 24 kutoka upande wa Bahi, maji ya uzazi yamekwisha karibu yote. Uwiano ulikuwa juu, lakini moyo wenyewe ulilingana na umri wake. Kifua ndicho kilichokuwa kidogo, cha mtoto wa wiki 19, maana mapafu hayakui vizuri bila maji. Ripoti iliyosema "moyo mkubwa" ingempeleka daktari njia isiyo yake. Kwa hiyo linganisha kila kipimo na umri wa mimba, si uwiano tu.

Kama moyo ndio uliotanuka, tafuta maji yaliyojikusanya mwilini mwa mtoto: kuzunguka moyo, kuzunguka mapafu, tumboni na chini ya ngozi. Hesabu mapigo, kati ya 110 na 160 kwa dakika ni kawaida. Angalia kama vyumba vya kulia na kushoto vinalingana. Uliza kundi la damu la mama: mwenye kundi hasi aliyewahi kuzaa au kuharibu mimba anaweza kuwa na kinga inayoharibu damu ya mtoto, na moyo wa mtoto aliyepungukiwa damu hutanuka kwa kusukuma kwa nguvu. Kwa mapacha wanaogawana kondo moja, wapime wote wawili.

Mama wa namna hiyo simpi tarehe ya kurudi kwangu. Namwandikia rufaa siku hiyohiyo kwenda Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma, na nampigia simu mpokeaji kabla mama hajapanda gari. Ambaye uwiano wa mtoto wake uko mpakani mwa kawaida, bila maji hayo wala kasoro nyingine, namrudisha baada ya wiki mbili, nimpime mwenyewe kwa mashine ileile. Kwenye kadi naandika hivi: "Wiki 21. Mkato wa vyumba vinne, ubavu mmoja kila upande. Mzunguko wa moyo 7.2, wa kifua 14.1, uwiano wa mizunguko 0.51, wastani wa picha tatu. Hakuna maji yaliyojikusanya mwilini mwa mtoto. Mapigo 148."