CVT au oto ya kawaida: kuchagua, kuendesha na kutunza giaboksi ukiwa Tanga

Gari likilala Chumbageni, na safari zake zikawa sokoni, shuleni, Raskazone na siku mojamoja Muheza, chukua CVT (oto isiyo na ngazi za gia) bila wasiwasi. Kama litapandisha mizigo Lushoto kila wiki au kushinda kwenye njia za udongo za Amani, tafuta oto ya kawaida ya gia nne. Itakula petroli zaidi kidogo, lakini inavumilia zaidi.

Oto ya kawaida ina seti za meno na klachi zinazolowa mafuta. Klachi moja inashika, nyingine inaachia, nawe unasikia gari likibadili gia. CVT haina ngazi hizo. Ina puli mbili zenye umbo la koni na mkanda wa chuma uliobanwa katikati. Puli moja ikijibana nyingine inajitanua, na uwiano unabadilika kidogo kidogo bila kukatika. Wazo lenyewe ni la zamani: DAF ya Uholanzi ilionyesha gari la mikanda ya mpira mwaka 1958. Katika CVT za leo, mkanda hauponyoki kwa sababu presha ya mafuta inazibana puli. Presha ikipungua au mafuta yakiwa siyo yake, chuma kinakwaruza chuma na unga wake unasambaa hadi kwenye valvu. Oto ya kawaida ikiteleza inaunguza klachi, na fundi mzuri anaweza kuzibadili. CVT iliyokwaruzika puli, mara nyingi giaboksi nzima inabadilishwa.

Kabla ya kununua, usimuulize dalali ni giaboksi gani. Soma kibati cha gari. Kwa Toyota, tazama mstari wa giaboksi: namba inayoanza na K ni CVT, inayoanza na U au A ni ya kawaida. Kwa Nissan, RE0F ni CVT na RE4F ni gia nne. IST ya kwanza (NCP60) ni gia nne. Axio na Fielder za kuanzia 2006 nyingi ni CVT. X-Trail T30 ya oto ni ya kawaida, wakati T31 za petroli nyingi ni CVT. Premio ya 2001 hadi 2007 inawachanganya wengi: ya 1.5 na ya 1.8 ni gia nne, ila ya 2.0 D4 ni CVT. Aqua na Prius zimeandikwa e-CVT, lakini ndani hazina mkanda wala puli, kwa hiyo haya yote hayazihusu.

Kwenye kujaribu gari, lifike likiwa baridi. Kanyaga breki, toa P weka D, kisha R: liitike ndani ya sekunde moja au mbili bila kugonga. Ondoka taratibu hadi kilomita 60 kwa saa. Gia nne zitabadilika mara tatu injini ikishapata moto. CVT haitabadilika hata mara moja. Mizunguko ya injini ikipanda, ikabaki juu, huku kasi ikiongezeka, hiyo ni kawaida ya CVT na wengi huiogopa bure. Mizunguko ikiruka na kasi ikabaki palepale, mkanda unateleza. Mtetemo kati ya kilomita 20 na 40 kwa saa ni dalili mbaya. Mlio mwembamba unaopanda pamoja na kasi mara nyingi ni bearingi.

Mjini Tanga, baiskeli na bodaboda zinakulazimu kupunguza na kuongeza mwendo kila dakika, na hapo CVT ndipo inapookoa petroli. Kwenye lami ya kwenda Segera, ukishika 80 bila kubadilisha, faida hiyo inapungua. Ukitaka kulipita lori, kwa CVT kanyaga mafuta mapema kabla ya kutoka upande wako, maana inachelewa kidogo kuitika. Kwa oto ya kawaida, zima O/D (overdrive, yaani gia ya juu kabisa) kwanza ili ishuke gia.

Mlimani ndipo penye mtihani. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 30 na ushee, na unapanda karibu mita 1,000 kwa kona zinazofuatana. Oto ya gia nne ukiiacha kwenye D itahangaika kati ya gia ya tatu na ya nne, na kuhangaika huko kunachemsha mafuta. Zima O/D, na kwenye kona kali weka 2. CVT iweke kwenye nafasi ya S, au L kwa Nissan, kisha mguu utulie. Mafuta ya CVT yakizidi joto, kompyuta inapunguza nguvu na gari linakuwa zito ghafla. Usilazimishe. Egesha, weka P, zima AC, acha injini iungurume dakika 10 hadi 15, kwa sababu pampu ya giaboksi inazungushwa na injini. Ukiizima, mafuta hayapiti tena kwenye kipoozeo. Ukishuka tumia S, B, L au 2, breki zisibebe kazi yote. Ukisimama mlimani shikilia gari kwa breki, kamwe si kwa kukanyaga mafuta.

Mchangani au kwenye tope, tairi likizunguka bure kisha likashika ghafla, mkanda wa CVT unapokea kishindo chote. Chimba, weka ubao, toka polepole. Usirushe mkono wa gia kati ya D na R kabla gari halijasimama.

Sasa mafuta, ambayo ndiyo yanaua CVT nyingi kuliko milima. Haidroliki nyekundu, yaani mafuta ya giaboksi yanayouzwa kwa kila gari, haifai. Mafuta ya oto ya kawaida yametengenezwa kwa ajili ya klachi. Ya CVT lazima yasaidie chuma kushikana na chuma bila kukwaruzana. Toyota za CVT za zamani hutumia TC na mpya FE. Nissan ni NS-2 au NS-3. Honda ni HMMF au HCF-2. Oto za kawaida za Toyota nyingi hutumia T-IV au WS. Fuata kitabu cha gari au maandishi ya kwenye kijiti cha kupimia. Rangi isikudanganye.

Kwa joto la pwani na safari za milimani, badilisha kila kilomita 40,000.

1. Endesha kilomita 5 hivi, egesha mahali tambarare, zuia matairi.
2. Fungua nati ya chini na kinga kwenye chombo chenye alama za lita. Hutoka lita 3 hadi 4. Mengine hubaki ndani, ndiyo maana ujazo kamili unafika 7 au 8.
3. Shusha sampo uangalie sumaku. Uji wa kijivu ni kawaida, vipande vinavyong'aa si kawaida. Safisha, badilisha filta, gasketi na washa ya nati.
4. Rudisha kiasi kilekile kilichotoka.
5. Washa injini, kanyaga breki, pitisha mkono wa gia kila nafasi kwa sekunde chache, rudi P. Pima mafuta kwa kijiti injini ikiwaka na mafuta yakiwa moto, upande wa HOT.

Giaboksi isiyo na kijiti hupimwa kwa tundu la kufurikia mafuta yakiwa kwenye joto maalumu, kwa hiyo fundi asiye na mashine ya kusoma joto hilo asiiguse. Kwa Nissan, mashine hiyohiyo ifute hesabu ya uchakavu wa mafuta. Anayetaka kusafisha giaboksi kwa mashine ya presha, mkatalie. Na giaboksi inayoteleza tayari haitaponywa na mafuta mapya.

Rejeta nayo ichungwe. Kipoozeo cha giaboksi mara nyingi kiko ndani yake, na maji ya visima vya pwani yenye chumvi yanakitoboa. Mafuta yakitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia: zima gari hapohapo. Weka kulanti (maji maalumu ya rejeta), au maji yaliyochujwa chumvi.

Likikufia njiani, usilisukume ili liwake. Aina zote mbili hazikubali. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele liburutwe yakiwa yameinuliwa, au lipakiwe, kwa kuwa injini ikizima hakuna kinacholainisha giaboksi. La magurudumu yote manne lipakiwe.