Kabla hujahamisha leseni ya Windows kwenda kwenye kompyuta uliyoiunda

Usifungue hata skrubu moja ya kompyuta ya zamani kabla hujaiuliza leseni yake ni ya aina gani. Wengi hukumbuka swali hili wakati ubao mama (motherboard) umeshauzwa na diski imeshafutwa, na hapo hakuna tena wa kuulizwa.

Iwashe, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika slmgr /dli kisha bonyeza Enter. Kitatokea kidirisha chenye mistari michache. Ukiona neno OEM, leseni hiyo ilikuja na kompyuta na imefungwa kwenye ubao mama wake, hivyo haihami. Panga bajeti ya leseni mpya mapema. VOLUME ni ya taasisi, wala si yako hata kama kompyuta yenyewe uliachiwa. RETAIL ndiyo ya rejareja, na hiyo unaruhusiwa kuihamisha mradi iache kutumika kwenye kompyuta ya kwanza.

Lakini usishangilie RETAIL haraka. Kwenye kidirisha hichohicho kuna herufi na tarakimu tano za mwisho za ufunguo wa bidhaa. Zikiwa 3V66T kwa toleo la Pro, au 8HVX7 kwa toleo la Home, huo ni ufunguo wa jumla ambao Windows hujiwekea yenyewe kwenye kompyuta nyingi mno. Hauthibitishi kwamba ulinunua chochote. Aliyepandishwa bure kutoka Windows 7 iliyokuja na kompyuta huweza kuonyeshwa RETAIL, ilhali haki yake bado ni ile ya OEM. Kinachokutetea hapo ni risiti, barua pepe ya ununuzi, au kadi yenye ufunguo wako kamili wa herufi na tarakimu 25. Vitafute leo. Ufunguo wa Windows 7 au 8 usiutegemee: tangu Septemba 2023 Microsoft imefunga njia ya kuutumia kuamilisha (activate) Windows 10 au 11 kwenye usakinishaji mpya.

Kama leseni yako ni ya kidijitali, yaani imesajiliwa kwa Microsoft bila wewe kuandika ufunguo, ingia kwenye Mipangilio, sehemu ya uamilishaji, uhakikishe imeunganishwa na akaunti yako ya Microsoft. Hakikisha pia nenosiri la akaunti hiyo unalikumbuka. Halafu andika jina la kompyuta ya zamani kwenye karatasi. Ni jambo dogo, ila siku ya kuhamisha utaonyeshwa orodha ya vifaa vyako, na majina yanayoanza na DESKTOP yakifuatiwa na herufi zisizo na maana hayatofautishiki kwa macho.

Toleo nalo lilingane: leseni ya Home haiamilishi Pro. Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na Secure Boot (ulinzi wakati kompyuta inawaka). Kwenye ubao mama mpya vyote viwili huwa vipo, ingawa wakati mwingine vimezimwa kwenye mipangilio ya BIOS, programu ya msingi ya ubao mama.

Andaa flashi ya GB 8 au zaidi yenye kisakinishi, na ndani yake weka draiva ya mtandao ya ubao mama mpya, yaani programu inayoiwezesha Windows kutumia Wi-Fi au kebo. Hili nalisisitiza kwa sababu Windows 11 huomba intaneti katikati ya usakinishaji, na bila draiva hiyo utabaki unaitazama skrini isiyoona Wi-Fi wala kebo.

Kama diski ya zamani imefungwa kwa BitLocker (kufuli la diski la Windows) na unataka kuihamishia kwenye kompyuta mpya, nakili kwanza ufunguo wake wa kurejesha wenye tarakimu 48. Bila huo, mafaili yako hayatafunguka.

Nakala za mafaili zikishakamilika, fungua dirisha la amri (Command Prompt) kama msimamizi kwenye kompyuta ya zamani, andika slmgr /upk kuondoa ufunguo, kisha slmgr /cpky kuufuta kwenye rejista, ghala la mipangilio ya Windows. Sasa unaweza kuchukua bisibisi.