Sebule ya kukalika: jinsi ya kuchagua kochi, zulia, mapazia na taa

Dukani kochi huonekana la wastani kwa sababu limewekwa kwenye ukumbi mpana wenye dari ya juu. Likifika nyumbani linaziba mlango. Kwa hiyo kabla ya kuangalia rangi, chukua futi na daftari. Pima urefu na upana wa sebule, kimo cha dari, kila dirisha na umbali wake kutoka sakafuni. Andika mlango unafungukia upande gani na soketi ziko wapi. Pima pia mlango wa kuingilia na kona ya korido au ngazi: kochi linaweza kuenea sebuleni vizuri kabisa na bado likakwama mlangoni.

Kisha tandaza magazeti sakafuni kwa ukubwa uleule wa kila kitu unachotaka kununua, uyabandike, uishi nayo siku mbili tatu. Pita ukiwa umebeba beseni. Njia ya watu inahitaji sentimita 75 hadi 90. Kati ya kochi na meza ya katikati acha 35 hadi 45. Zikipungua magoti yanagonga, zikizidi mtu inambidi ainuke kila anapotaka kikombe chake.

Kochi

Hili ndilo la kununua kwanza, na ndilo linalostahili fungu kubwa la fedha, maana ubora wake umejificha. Kitambaa huvutia macho, lakini kinachombeba mtu ni fremu, mikanda au springi zilizo chini ya kikalio, na sponji.

Shika mguu mmoja wa mbele, unyanyue sentimita 15 hivi. Mguu wa pili wa mbele nao ukipanda, fremu ni imara. Ukibaki sakafuni, fremu inajipinda, na haitachukua muda kochi litaanza kulia kila mtu akikaa. Mwulize fundi ameungaje: tafuta mbao ngumu iliyokaushwa, gundi pamoja na skurubu, na vipande vya pembetatu vya kukaza kona kwa ndani. Msumari peke yake hulegea, kwa sababu kila anayekaa na kuinuka anauchezesha kidogo na tundu lake linapanuka. Mbao mbichi ni mbaya zaidi: hukaukia ndani ya kochi, ikajikunja, viungo vikaachia.

Kwenye sponji, usiridhike na ugumu. Ugumu na uzito ni mambo mawili tofauti. Sponji nyepesi inaweza kutengenezwa ikawa ngumu, ikakupendeza dukani, kisha baada ya miezi michache ikabonyea na isirudi. Uliza uzito wake: sponji ya kikalio iwe ya kilo 30 hadi 35 kwa mita moja ya ujazo, au zaidi. Ya mgongo inaweza kuwa nyepesi kwa kuwa haibebi mzigo mkubwa. Mto ukiwa na zipu, ufungue. Kipande kizima ni sawa. Mabaki yaliyosokomezwa ndani ya mfuko husogea na kuacha mabonde.

Sasa kaa, dakika 10 nzima, kama unavyokaa nyumbani. Nyayo zikanyage chini bila kuning'inia. Kikalio chenye kimo cha sentimita 42 hadi 46 kinawafaa watu wazima wengi. Mzee au mwenye maumivu ya magoti huinuka kwa urahisi zaidi kikifika 48. Egemea kabisa, kisha pitisha vidole viwili au vitatu kati ya ukingo wa kikalio na nyuma ya goti. Visipopita, kikalio ni kirefu mno kwako, na utaishia kukaa ukingoni au kujishindilia mito mgongoni.

Kitambaa cha kochi hupimwa ustahimilivu wa kusuguliwa kwa kipimo cha Martindale. Nyumba yenye watoto itafute mizunguko 25,000 kwenda juu. Vifuniko vya kuvua vina faida kubwa, ila vifue vyote pamoja, hata kama kilichochafuka ni kimoja. La sivyo kimoja kitapauka na vingine vibaki na rangi yake.

Zulia

Kosa ni moja tu: kununua dogo. Zulia linaloelea katikati ya sebule hukifanya chumba kionekane kimebanwa. Miguu ya mbele ya kochi iwe juu yake, na lipite kochi sentimita 15 hadi 20 kila upande. Kochi la 210 linataka zulia la 240 hadi 250. Chini ya meza ya kulia chakula, lipite meza sentimita 60 pande zote, ili kiti kikivutwa nyuma miguu isinase pindoni. Kwenye vigae weka chini yake wavu wa kuzuia kuteleza.

Mapazia

Fimbo ipite dirisha sentimita 20 kila upande, ili pazia likifunguliwa likae ukutani na lisile mwanga. Dirisha la 150 basi linataka fimbo ya 190. Ili marinda yajae, upana wa kitambaa uwe mara mbili ya fimbo. Kilicho chepesi, mara mbili na nusu. Mara mbili ya 190 ni 380. Kwa jora la upana wa 150 utahitaji vipande viwili na nusu hivi, kwa hiyo nunua vitatu. Tuseme kutoka fimboni hadi sentimita 1 juu ya sakafu ni 230. Ongeza 25 za upindo wa juu na wa chini, inakuwa 255. Vipande vitatu ni mita 7.65.

Kitambaa chenye maua makubwa hubadilisha hesabu hii. Ua likijirudia kila sentimita 60, kila kipande lazima kianzie pale pale, hivyo 255 inapanda hadi 300, na jumla ni mita 9. Hapa ndipo watu hupungukiwa, na wakirudi dukani wanakuta jora jipya limetiwa rangi kwa mkupuo mwingine, halilingani kabisa na la kwanza. Pamba nayo hujivuta, kwa hiyo ongeza asilimia 5 na uifue kabla ya kukata. Kila pazia litapata kipande kimoja na nusu. Ile nusu iungwe upande wa ukutani, mshono upotee kwenye marinda.

Taa na mapambo

Balbu moja katikati ya dari huwapa watu vivuli usoni na kuacha kona gizani. Ongeza taa mbili au tatu za chini, zenye mwanga wa njano wa kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 2,700 hadi 3,000, na zote ziwe na namba hiyo moja. Ukingo wa chini wa kifuniko cha taa ya kando ya kochi uwe usawa wa macho ya aliyekaa, ili balbu isimchome. Rangi za vitambaa zichague chini ya taa hizi pia, si mchana peke yake, kwani kijivu cha dukani kinaweza kugeuka zambarau usiku.

Mto wa mapambo ujazwe kwa mto wa ndani uliozidi foronya sentimita 5: foronya ya 45, mto wa 50. Ukilingana nayo, pembe hulala tupu.

Picha juu ya kochi ichukue takriban theluthi mbili za urefu wa kochi, na ukingo wake wa chini uwe sentimita 15 hadi 20 juu ya mgongo wake. Kata karatasi ya ukubwa wa picha, ibandike ukutani, kaa uitazame, isogeze mpaka uridhike, ndipo utoboe.