Kutafuta Nyaraka za Umma za Wakazi katika Ofisi za Miji na Kaunti za Marekani

Wengi wanaoomba msaada wa utafutaji huanza kwa kutaja jina la mtu na kuuliza waende ofisi gani. Swali hilo halijibiki likiwa hivyo, kwa sababu hakuna ofisi nchini Marekani, iwe ya jiji au ya kaunti (sehemu ya utawala ndani ya jimbo), inayomfungulia kila mkazi jalada moja na kuweka humo habari zake zote. Ziko ofisi zinazoandika matukio: mtu amezaliwa, amefunga ndoa, amenunua nyumba, ameweka nyumba rehani, ameshtakiwa, ameomba kibali cha kujenga, amefariki. Kila tukio lina daftari lake na kila daftari lina mtunzaji wake. Kwa hiyo anayetafuta mtu hutafuta kwanza jambo lililompata au alilolifanya, na hapo ndipo ofisi hujulikana.

Hatua ya kwanza: andika tukio, mahali na mwaka

Kabla ya kugusa kompyuta au kupiga simu, andika kwenye karatasi tukio unalolitafuta, mahali unapodhani lilitokea, na mwaka wake, hata kama mwaka huo ni wa kukisia. Kisha andika jina kwa kila sura linayoweza kuwa nayo: jina la mwanamke kabla ya ndoa na baada yake, herufi ya jina la kati, na tahajia ambazo karani angeweza kuziandika kwa kusikia tu. Sisi wenye desturi ya majina matatu tuwe waangalifu zaidi, kwa kuwa karani wa Marekani huchukua jina la mwisho kuwa la ukoo. Ndugu wawili wa baba mmoja wanaweza kuorodheshwa chini ya majina mawili tofauti kwa sababu mmoja alijaza jina la baba na mwingine la babu.

Hatua ya pili: hakikisha eneo ni lipi hasa

Hapa ndipo nilipoona watu wengi wakipoteza wiki nzima. Jina la mji lililo kwenye anwani ya posta si uthibitisho kwamba nyumba imo ndani ya mipaka ya mji huo, kwani posta hugawa maeneo kwa urahisi wa kupeleka barua, na nyumba yenye jina la jiji inaweza kuwa katika eneo linaloongozwa na kaunti peke yake, au hata katika kaunti ya jirani. Angalia ramani ya kaunti yenyewe.

Mpangilio pia haufanani nchi nzima. Louisiana ina parishi badala ya kaunti, na Alaska ina boro. Virginia ina majiji 38 yasiyo sehemu ya kaunti yoyote. Jiji la Baltimore lilitengana na Kaunti ya Baltimore mwaka 1851, na wapiga kura wa St. Louis waliamua mwaka 1876 kulitenga jiji lao na Kaunti ya St. Louis, mpaka leo majina yanafanana lakini madaftari ni mbalimbali, na anayeambiwa kuwa babu yake aliishi St. Louis hana budi kutafuta pande zote mbili. Connecticut ilifuta serikali za kaunti mwaka 1960, na hati za ardhi hutunzwa na makarani wa miji yake 169.

Kwa nyaraka za zamani kuna mawili ya kuongeza. Kaunti nyingi zilizaliwa kwa kumegwa kutoka kaunti kubwa, na kwa kawaida hati za kabla ya kumegwa hubaki katika kaunti mama. Tena kuna nyaraka ambazo hazipo tena: moto wa Chicago wa mwaka 1871 uliteketeza kumbukumbu za Kaunti ya Cook, na San Francisco ilipoteza sehemu kubwa ya zake katika tetemeko na moto wa mwaka 1906.

Hatua ya tatu: nenda kwa mtunzaji wa daftari husika

Nyaraka za ardhi ndizo ninazozishauri kwanza, kwa kuwa ziko wazi karibu kila mahali na zina habari nyingi kuliko zinavyoonekana. Anza na ofisi ya mthamini wa mali, ile inayokadiria thamani ya majengo kwa ajili ya kodi. Ukiwa na anwani, ofisi hiyo hukupa namba ya kiwanja, na mara nyingi jina la mwenye mali, tarehe ya mauzo ya mwisho na anwani anakopelekewa hati ya kodi, ambayo huweza kuwa tofauti na ya nyumba yenyewe na ikakuonyesha alikohamia. Baada ya hapo nenda kwa msajili wa hati, ambaye mlangoni kwake utasoma Recorder katika majimbo mengine na Register of Deeds katika mengine. Faharasa yake hupangwa kwa namna mbili, kwa jina la aliyetoa umiliki na kwa jina la aliyeupokea, nawe upitie zote mbili. Isome hati yenyewe, usiishie kwenye faharasa: hati nyingi hutaja iwapo mnunuzi ana ndoa, jina la mwenzi wake, na wakati mwingine mji alikotoka. Katika Jiji la New York, hati za Manhattan, Bronx, Brooklyn na Queens tangu mwaka 1966 husomwa bila malipo kwenye mfumo uitwao ACRIS, ilhali Staten Island humtegemea karani wa kaunti yake.

Mahakama hufuata. Karani wa mahakama hutunza kesi za madai, za jinai, talaka na mirathi, ingawa majina ya ofisi hubadilika: Pennsylvania kesi za madai ziko kwa afisa aitwaye Prothonotary, na New York mirathi ina mahakama yake iitwayo Surrogate's Court. Ukiwa na nafasi ya kufungua jalada moja tu la marehemu, fungua la mirathi. Humo huwa na orodha ya warithi, uhusiano wao na marehemu, na mara nyingi anwani zao siku ile walipojulishwa. Nimeona jalada moja la namna hiyo likiunganisha matawi mawili ya ukoo yaliyokuwa hayajuani.

Ndoa kwa kawaida iko kwa karani wa kaunti, lakini Georgia leseni hutolewa na mahakama ya mirathi ya kaunti. Kaunti unayoitafuta ni ile iliyotoa leseni, ambayo si lazima iwe ile ilikofanyika sherehe. Ofisi za jiji, kwa upande wake, zina vibali vya ujenzi, leseni za biashara na kumbukumbu za vikao vya baraza.

Hatua ya nne: tazama mwenyewe kabla ya kuandika barua

Kaunti nyingi zimeweka faharasa kwenye intaneti, na nyingi zina kompyuta ya wageni ofisini ambayo mtu huruhusiwa kutafuta bila kulipa. Nakala iliyothibitishwa kwa mhuri iagize tu pale mahakama, benki au idara ya uhamiaji inapoihitaji. Kwa kusoma, nakala ya kawaida yatosha. Kumbuka pia kwamba kesi za kufilisika hazimo katika kaunti, kwa kuwa ni za mahakama za shirikisho, yaani za serikali ya nchi nzima, na husomwa kupitia mfumo wao wa intaneti uitwao PACER kwa senti 10 kila ukurasa, kwa kikomo cha dola 3 kwa hati moja, na anayetumia dola 30 au chini yake katika robo ya mwaka hatozwi kitu.

Hatua ya tano: andika ombi

Nyaraka isipopatikana kwa kuitazama, andika ombi. Kosa ninaloliona sana ni kutaja sheria ya shirikisho ya uhuru wa habari ya mwaka 1966. Sheria hiyo inazibana idara za serikali ya shirikisho pekee. Jiji na kaunti hubanwa na sheria ya jimbo lake, na ndiyo ya kutajwa. Muda nao ni wa jimbo: Illinois ni siku 5 za kazi, California ofisi hupaswa kueleza ndani ya siku 10 kama nyaraka zitatolewa, na Texas ofisi inayotaka kuficha nyaraka kwa kawaida hupaswa kumwomba Mwanasheria Mkuu wa jimbo uamuzi ndani ya siku 10 za kazi. Mahakama katika majimbo mengi haziingii chini ya sheria hizi, bali zina kanuni zake.

Omba nyaraka, usiombe majibu. Ofisi hailazimiki kukufanyia utafiti wala kukutungia maelezo. Inalazimika kutoa kilichomo. Badala ya kuuliza nani aliishi katika nyumba fulani, andika hivi: “Kwa mujibu wa sheria ya jimbo ya nyaraka za umma, naomba nakala za vibali vyote vya ujenzi vilivyotolewa kwa anwani ifuatayo kati ya mwaka 1985 na 1995. Naomba nijulishwe gharama kabla ya kazi kuanza endapo itazidi dola 20. Iwapo sehemu yoyote itazuiwa, tafadhali nitajieni kifungu cha sheria kinachoizuia.” Sentensi ya mwisho ina uzito kuliko zote, kwa kuwa humfanya karani afungue sheria kabla ya kukataa.

Hatua ya sita: linganisha kabla ya kuamini

Majina hufanana. Usimhesabu mtu kuwa ndiye mpaka mambo mawili zaidi ya jina yakubaliane, kama vile anwani na mwenzi, au tarehe ya kuzaliwa na saini. Kumbandika mtu kesi ya jinai ya mwingine ni dhuluma.

Maswali niliyoulizwa

Mwalimu, mimi si raia wa Marekani na siishi huko. Je, naweza kuomba?

Katika majimbo mengi hutaulizwa uraia wala makazi. Hata hivyo, mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya McBurney dhidi ya Young, kwamba jimbo laweza kuwapa haki hiyo raia wake peke yao, na Virginia, ambako kesi hiyo ilitoka, ni mfano mmoja. Huko mtafute mkazi aandike ombi kwa jina lake. Hati za ardhi na majalada ya mahakama kwa kawaida hayana sharti hilo.

Niliomba cheti cha kuzaliwa cha binamu yangu nikakataliwa, ilhali cha marehemu babu nilipewa. Kwa nini?

Kwa sababu vyeti vya kuzaliwa vya watu walio hai hulindwa dhidi ya wizi wa utambulisho. Texas, kwa mfano, kumbukumbu ya kuzaliwa huwa wazi kwa umma baada ya miaka 75 na ya kifo baada ya miaka 25. California humpa asiyehusika nakala ya taarifa tu, iliyoandikwa kwamba haifai kuthibitisha utambulisho. Kuasili watoto na kesi za watoto hufungwa karibu kila mahali, na New York majalada ya talaka hayatolewi kwa asiye mhusika.

Nina nyumba ya kupangisha. Je, naweza kumchunguza mpangaji kwa njia hizi?

Unaweza kusoma jalada lililo wazi mahakamani kama mtu mwingine yeyote. Lakini ukinunua ripoti kwa kampuni ya kuchunguza watu, unaingia chini ya sheria ya shirikisho ya taarifa za mikopo ya mwaka 1970: ukimkataa kwa sababu ya ripoti hiyo, ni wajibu kumjulisha na kumtajia kampuni iliyoitoa ili apate kupinga makosa. Kwa mwajiri ni zaidi, kwani hupaswa kupata kwanza idhini ya maandishi ya mwombaji kazi. Tovuti nyingi zinazouza majina na anwani hutamka wazi kwamba haziruhusu matumizi hayo.

Je, namba ya gari inatosha kumjua mwenyewe?

Hapana. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1994 inazuia idara za magari za majimbo kutoa habari binafsi za madereva, isipokuwa kwa matumizi yaliyotajwa ndani yake.

Dada yangu alimkimbia mume aliyekuwa akimpiga, na sasa anaogopa kununua nyumba kwa sababu jina lake litaandikwa. Afanye nini?

Mwambie asisaini chochote kwanza. Majimbo mengi yana mpango wa kuficha anwani kwa waathirika wa ukatili wa nyumbani. Katika jimbo la Washington ulianza mwaka 1991, na wa California huitwa Safe at Home. Anayekubaliwa hupewa anwani mbadala ya kutumia katika ofisi za serikali, na barua zake hupitishwa huko. Hati ya ardhi inahitaji uangalifu wa ziada, kwa kuwa baada ya kusajiliwa ni vigumu kuiondoa machoni pa watu, na si kila jimbo mpango huo hufika mpaka kwa msajili wa hati. Kwa hiyo ajiunge kwanza na mpango, kisha kabla ya siku ya kusaini amwone mwanasheria wa mali katika jimbo hilo amweleze kama nyumba inaweza kusajiliwa kwa jina la amana (trust), yaani mpango wa kisheria ambamo mali hushikwa na msimamizi kwa faida ya mtu, badala ya jina lake. Mashirika yanayowahudumia waathirika huwa na washauri wanaosaidia kujaza fomu za mpango bila malipo, na aanzie kwao.