Kabla hujagusa taa na rangi ya lori lako

Lori likianza kuonekana limechoka, wengi wetu hukimbilia dukani: globu za LED, chupa ya polishi, na Jumapili nzima ya kusugua. Naomba usianzie hapo. Anza na mita ya umeme, ile ya kawaida ya fundi, na nusu saa ya kulikagua lori palepale lilipoegeshwa.

Fuso langu lilikuwa na taa hafifu mno. Nikipita Mikumi usiku nilikuwa naendesha kwa kukisia, na barabara ile ya kwenda Iringa inapita ndani ya hifadhi kwa takriban kilomita 50. Nyati akisimama kwenye lami humwoni mpaka umemfikia. Globu nilishabadilisha mara mbili. Siku nilipopima, injini ikiwa inaunguruma, betri ilisoma volti 27.6. Nikashika mita kwenye soketi ya globu, taa zikiwaka: 24.1. Volti tatu na nusu zilikuwa zinapotea njiani, kwenye swichi iliyozeeka na kwenye waya wa ethi, ule unaofungwa kwenye bodi kurudisha umeme, ulioshika kutu nyuma ya bampa. Halojeni, yaani globu ya kawaida yenye waya mdogo unaowaka ndani, haisamehe upungufu wa namna hiyo. Umeme ukishuka asilimia 10, mwanga hupungua karibu asilimia 30. Nilikwangua ethi mpaka chuma kikang'aa, nikavuta waya mnene kutoka betri kupitia fyuzi na rilei (kifaa kinachowasha na kuzima umeme mkubwa kwa amri ya umeme mdogo), swichi ikabaki na kazi ya kuiamrisha rilei tu. Globu zilezile zikawaka mpaka utingo akauliza nimenunua wapi.

Kama ukipima ukakuta umeme unafika vizuri, hapo ndipo tuzungumzie globu. Soma maandishi kwenye kitako chake. Malori mengi yanatumia volti 24, na H4, globu yenye ful na dimu pamoja, ya volti 24 ni wati 75 kwenye ful na 70 kwenye dimu. Ile ya gari dogo ni ya volti 12, wati 60 na 55. Ukiichomeka kwenye lori inaungua papo hapo. Wauzaji huzichanganya kwenye boksi moja, kwa hiyo usimwachie yeye achague. Na unapoifunga usishike kioo chake kwa vidole vitupu, kwani mafuta ya ngozi hufanya sehemu ile ipate moto kupita kiasi na globu hufa mapema.

LED ninaisema peke yake kwa sababu inaniumiza. Bakuli la taa limechongwa kufuata mahali waya mdogo wa halojeni unapowakia. Chipu za LED zikikaa milimita chache mbele au nyuma, mwanga unatawanyika juu. Wewe unaona barabara nyeupe mbele yako ukadhani umepata taa, kumbe dereva anayekuja amepofuka, na huenda nyuma yake kuna basi lililojaa watu. Mimi nilizifunga wiki moja nikazitoa, baada ya kusimama mbele ya lori langu mwenyewe usiku na kushindwa kufungua macho. Ukizitaka kweli, nunua taa nzima iliyoundwa kwa LED tangu kiwandani.

Angalia pia lori lilikotoka. Huku kwetu tunaendesha kushoto, na dimu yetu imeundwa imulike mbali zaidi kwenye ukingo wa kushoto wa barabara. Kichwa cha lori kilichotumika Ujerumani au Uholanzi kinamulika mbali upande wa kulia, yaani usoni kwa anayekuja, na kuhamisha usukani hakubadilishi hilo. Kinachotakiwa ni taa yenyewe ya upande wetu. Wanaopeleka mzigo Kongo, Rwanda au Burundi wanalipata tatizo hilihili kinyume chake, kwa kuwa kule ni kulia.

Kioo cha taa kikiwa na ukungu wa njano, gusa kwanza ujue ni cha plastiki au cha kioo halisi. Kioo halisi hakigeuki njano. Kikififia, huenda uchafu au maji yameingia ndani, na kusugua nje hakutasaidia. Cha plastiki kimeunguzwa na jua. Andaa msasa wa maji namba 800, 1000, 2000 na 3000, tepu ya karatasi ya kuzungushia rangi, na, hili wengi hulisahau, dawa ya kukinga jua ya kupaka mwisho. Dawa ya meno hung'arisha kidogo, lakini bila kinga ukungu hurudi baada ya miezi michache.

Rangi iandalie kivuli na maji mengi. Ndoo mbili: moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa, maana mchanga uliobaki kwenye kitambaa ndio unaochora ile mistari ya mviringo inayoonekana juani. Sabuni ya unga iache, inaondoa waksi yote. Dizeli vilevile: inang'arisha asubuhi, jioni vumbi lote la barabarani limenasa. Kabla ya kompaundi, ile dawa ya kusugulia rangi ing'are, sugua sehemu ndogo iliyojificha kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na rangi ya lori, basi halina klia juu, yaani tabaka lisilo na rangi linalokinga rangi, na kila msuguo unakula rangi yenyewe. Kama klia ipo, ya kiwandani ina unene wa mikroni 40 hadi 50 hivi, chini ya unywele wa kichwani. Kwenye kona za milango na mikunjo ya bodi ni nyembamba zaidi, kwa hiyo pita hapo kwa mkono, mashine uiweke pembeni.

Jioni ukimaliza, lielekeze lori ukutani upime pembe ya taa. Taa iliyofunguliwa mara nyingi hairudi pembe yake. Upepo wa matairi uwe sawa, mzigo wa kawaida uwe nyuma, kwani nyuma ikididimia pua inainuka. Simama mita 10 kutoka ukutani, weka alama ya kimo cha katikati ya taa, washa dimu. Ukingo wa juu wa mwanga ukae sentimita 10 hadi 15 chini ya alama. Kwa taa zilizo juu sana, shusha hadi 20.